Biskuti za Msingi

Pimamaji alikuwa na tabia moja iliyowaudhi vibarua kila alikopata kazi. Mashine ya zege inanguruma, watu wameshika matoroli, jasho limeanza kuwatoka, halafu yeye anawaambia wasubiri kwanza. Anashuka kwenye mtaro wa msingi, anapiga magoti, na kuanza kupitisha mkono chini ya nondo za chuma, kona hadi kona, kama mtu anayetafuta ndala chini ya kitanda. Mkono ukipita, anasogea mbele. Mkono ukigoma, kazi haianzi hata mumtukane mpaka mchoke.

Alikuwa na sababu zake. Nondo iliyolala juu ya udongo haizungukwi na zege. Unyevu wa ardhi unaila taratibu, na siku udongo ukititia inakuwa haina inachokishika. Ndiyo maana mafundi huziinua nondo kwa vipande vidogo vya zege, vya ukubwa wa kiganja, wanavyoviita biskuti. Kwa mtu asiyejua, biskuti ni kifusi tu kilichodondoka mtaroni. Kwa Pimamaji zilikuwa nusu ya nyumba. Alizimwaga mwenyewe kwenye kibao, akazikata mwenyewe zingali laini, akaziloweka kwenye pipa zikomae, na ole wake mtu atakayekalia hata moja.

Jina la Pimamaji walimpa vibarua, kwa sababu pimamaji, kile kifaa cha kupimia usawa, hakikumtoka mkononi. Mkewe, Mama Pacha, alizoea kuwaambia watu kwamba siku ya harusi yao alimfumania bwana harusi akipima meza ya keki. Watu walicheka, na mwenyewe hakuwahi kukanusha.

Safari hii msingi haukuwa wa mteja. Ulikuwa wa mama mkwe wake.

Bibi huyo alikuja kuishi kwao baada ya nyumba yake ya udongo kubomoka, wakati watoto wao pacha wanatambaa. Sasa pacha walikuwa wameota ndevu, na bibi bado alikuwa akilala chumba kimoja nao, nyuma ya pazia. Sanduku lake la bati lilikaa ukumbini, na hapakuwa na mtu katika nyumba ile ambaye hakuwahi kujigonga nalo miguu. Mama wa watu hakulalamika hata siku moja, na hilo ndilo lililowauma zaidi. Alichosema, tena mara chache, ni hiki: "Iko siku nitafunga mlango wangu mwenyewe, nikae ndani, nisikilize tu." Miguu ilikuwa imeanza kumvimba, na siku hizi akipanda ngazi za kibarazani alisimama katikati kupumua. Kila mtu aliona kwamba hiyo siku isipokuja mapema, haitakuja.

Kama Pimamaji alikuwa na ugonjwa wa kupima, mama mkwe alikuwa na ugonjwa wa kufagia. Aliamka kabla ya jogoo, akafagia uwanja wa kwao, akafagia na wa jirani, na angeachiwa angefagia barabara mpaka sokoni. Mkwewe alimheshimu kupita kiasi. Hakuwahi kumpandishia sauti. Hata kukohoa mbele yake alikohoa kwa adabu.

Kiwanja kilikuwa nyuma ya nyumba, na kona yake moja iliwahi kuwa shimo la taka. Ndiyo kona ambayo chumba cha kulala cha mama kingeangukia, kwa sababu huko ndiko kwenye upepo na mbali na kelele. Pimamaji alichimba kona ile mpaka vibarua wakamuuliza kama anatafuta maji. Akashindilia mawe, na juu yake akaweka nondo maradufu. Alimweleza Jogoo, kibarua wake mkuu, kwamba udongo pale hauaminiki. Ukititia, nondo zile ndizo zitakazoubeba ukuta.

Jogoo aliitwa hivyo kwa sababu ya sauti. Akiomba maji ya kunywa, mtaa wa pili wanamletea.

Jioni ya mwisho waliziinua nondo zote na kuzipangia biskuti chini yake. Kwa kawaida kila biskuti hufungwa kwenye nondo kwa waya. Lakini waya wote uliishia kwenye kufunga nondo za nguzo, duka lilikuwa limeshafungwa, na uzito wa nondo ulitosha kuzikandamiza.

"Tuziache hivyo hivyo?" Jogoo akauliza.

"Zitakwenda wapi?" akajibu Pimamaji.

Asubuhi mashine ya zege haikufika. Pimamaji alikwenda kuifuata mwenyewe, akamkuta mwenye mashine anakunywa chai kama mtu asiye na neno na dunia, wakabishana, wakaivuta. Aliporudi jua lilikuwa limeshapanda. Majirani waliojitolea walikuwa wamekaa juu ya mifuko ya saruji wakipiga soga. Na pale penye ile kona, ukingoni mwa mtaro, alisimama mama mkwe, amevaa gauni lake la kutokea, ufagio mkononi, uso umemng'aa.

"Karibu, baba. Chini pako tayari."

Pimamaji alishukuru. Alidhani mama ameombea mahali pale, kama wazee wanavyofanya. Akawaambia watu wasubiri kwanza, akashuka mtaroni ili apige magoti na kupitisha mkono wake kama siku zote.

Hapo ndipo alipopatikana. Mtaro ulikuwa mwembamba na mama alikuwa amesimama juu yake kabisa. Kupiga magoti pale ilikuwa na maana ya kuinama na kutambaa huku makalio yakimtazama mama mkwe, mbele ya kadamnasi. Alisita. Alijaribu kugeukia upande wa pili. Upande wa pili walikaa majirani, na mama angebaki vile vile nyuma yake. Kumwambia asogee aliona ni utovu wa adabu, siku yenyewe ni yake. Kivuli cha mama kilifunika chini ya nondo. Nimezipanga mwenyewe jana, akajisemea moyoni. Akapanda juu, akajipangusa mikono isiyo na vumbi, na kusema, "Haya, tuanze na kona ya mama."

Watu walishangilia. Zege la kwanza likaingia kwenye ile kona, na mama akapiga makofi kama mtoto.

Kutoka hapo Pimamaji hakubanduka kwenye mashine. Maji ya zege hakumwachia mtu, maana vibarua hupenda zege la uji, linalotiririka lenyewe. Aliwapigia kelele, wakamtania, matoroli yakaenda na kurudi, jua likawaka kweli kweli. Upande wa kona ukajaa na kusawazishwa, ukafuata wa pili, ukafuata wa tatu. Kila mfuko wa saruji uliokuwepo ulikuwa umeshafunguliwa. Ndipo alipokwenda kwenye upande wa mwisho, uliokuwa bado mtupu, kuangalia kama zege litatosha.

Nondo zilikuwa zimelala chini. Hazikupinda wala kukatika. Zilikuwa zimelala chapa juu ya udongo, na udongo wenyewe umefagiliwa mpaka mistari ya ufagio inaonekana.

Alimwita Jogoo kwa mkono. Jogoo akaja, akatazama, na kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane akanong'ona.

"Jana zilikuwepo, fundi."

Zilikuwepo. Na hata sasa zilikuwepo, nyuma ya lundo la mchanga, ndani ya beseni la kuogea, zimeoshwa na kupangwa kama vikombe.

Mama mkwe aliyafuata macho yake, akacheka kwa furaha. "Ahaa, umeviona vijiwe vyako! Nimeamka nikakuta vyuma vizuri vyote vimekaa juu ya vifusi. Nikasema hapana, watoto wamechoka jana, wamesahau kusafisha. Nikainua kwa mpini wa jembe, nikatoa kimoja kimoja, nikafagia mpaka chini kabisa. Mgongo wangu wote uko huko. Sikuvitupa lakini, nimekuoshea. Mtu hawezi kujenga juu ya uchafu, baba."

"Mama huyu!" jirani mmoja akasema kwa sauti. "Nani amewahi kuona msingi uliofagiwa?" Watu wote wakacheka, cheko la mapenzi, na mama akaficha uso kwa kiganja kwa kuona haya.

Jogoo alifungua mdomo. Pimamaji akamkanyaga mguu kwa buti, akamkanyaga sawasawa, mpaka mdomo ukafunga.

Kisha akachukua beleshi akaenda kwenye ile kona. Zege la kule lilimwagwa mwanzo, na jua lilikuwa limelipika. Beleshi liligonga juu likarudi. Akachukua kipande cha nondo kilichopinda, akakididimiza pembeni palipokuwa laini kidogo, akajaribu kuivua nondo ya chini iinuke. Ikanyanyuka upana wa ukucha, na zege la juu yake likapasuka likameguka.

"Fundi, unafukua maiti?" mtu akapiga kelele. "Tumeshasawazisha hapo!"

"Jua limempiga huyu. Mpeni maji."

Alisimama na kile chuma mkononi. Kung'oa yote alijua namna yake, angeyang'oa hata peke yake. Lakini angeng'oa ili iweje? Hapakuwa na saruji nyingine, wala kokoto, wala miaka mingine ya kuvikusanya. Na kwa nini anang'oa, ingebidi aseme, mbele ya watu wote hawa wanaocheka kwa mapenzi. Mikono yake ilikuwa ya kazi, haikuwahi kukosa la kufanya tangu ujana. Leo ilining'inia tu, na alihisi uzito wake.

"Kuna nini, baba?" mama mkwe akauliza.

"Hakuna kitu, mama. Nilikuwa naangalia tu."

"Usijichoshe. Ngoja nikuchotee maji unawe."

Upande wa mwisho waliuinulia nondo zake kwa mawe, ili mama asione vijiwe alivyoosha vinarudishwa chini, ukamwagwa kwa ufundi wote. Ulikuwa upande wenye udongo mgumu, usio na haja ya msaada wa mtu.

Jioni, watu walipokwisha kutawanyika, alimweleza mkewe jikoni. Mama Pacha alikuwa anaosha vyombo. Aliacha kuosha, mikono ikabaki kwenye povu.

"Utamwambia?"

"Sijui."

"Leo ameomba sahani ya pili," Mama Pacha akasema. "Tangu baba afariki sijamwona mama anaomba sahani ya pili. Ukimwambia, kile chakula alichokula leo atakijutia mpaka kaburini." Akajifuta macho kwa bega. "Ukuta utamwangukia?"

"Kumwangukia hapana. Nitaukaza juu kwa mkanda wa zege. Lakini utapasuka. Ufa utaanzia kwenye kona yake na utapanda."

"Una hakika?"

"Udongo ukikaa vizuri, pengine hautapasuka. Pengine."

"Wewe si ndiye fundi?"

"Ndiyo maana nakwambia pengine," akasema. "Na ningezifunga kwa waya, mama asingeweza kuzitoa. Na ningepiga magoti. Nilimwonea haya, Mama Pacha. Nimekwenda kwenye misingi ya watu baki nimegaragara kama nguruwe, msingi wa mama nikaona haya."

Mama Pacha alirudi kwenye vyombo, akaosha sahani ile ile muda mrefu.

Ukuta ulipanda, mfuko mmoja wa saruji kila alipolipwa. Pimamaji alijenga nyumba ile kama anayemuuguza mtu. Kila tofali alililowesha, mchanga na saruji vya kujengea alivichanganya kwa mkono wake, mkanda wa zege juu ya madirisha aliufunga nondo mpaka Jogoo akasema hata tembo angeweza kulala pale juu. Kuzunguka nyumba alichimba mfereji ili maji ya mvua yapite mbali. Yote haya alijua ni kumpaka mtu dawa kichwani wakati anaumwa tumbo. Alifanya hata hivyo, kwa sababu hakuna kingine alichoweza kufanya.

Siku ya kuhamia, pacha walilibeba sanduku la bati, na ukumbi ukaonekana mpana kama uwanja. Mama mkwe aliingia chumbani kwake na kufunga mlango. Wao walibaki nje wamesimama kama wajinga, hawajui waondoke au wangoje. Baada ya kitambo akafungua.

"Nimesikiliza," akasema.

"Umesikia nini, mama?" binti yake akauliza.

"Hakuna kitu kabisa." Akacheka kwa raha mpaka machozi yakamtoka, na Mama Pacha naye akalia, na Pimamaji akageuka kutafuta nyundo ambayo alikuwa ameishika mkononi.

Tangu siku hiyo nyundo ikawa kisingizio chake. Kila asubuhi alizunguka hadi ile kona, akainama, akapapasa ukuta.

"Nyundo tena, baba?" mama mkwe alimtania dirishani. "Nyundo hiyo ina miguu?"

"Inatembea, mama. Inatembea sana."

Kisha mvua zikaja, na hazikuja kwa mchezo. Zilinyesha mchana na usiku, mfereji ukajaa ukafurika, na maji yakapata njia ya kwenda kwenye lile shimo la zamani, ambalo lilikuwa halijasahau kazi yake. Asubuhi moja Pimamaji alizunguka na nyundo yake akaukuta. Ulikuwa ufa mwembamba, umeanzia chini kwenye kona, ukapanda kwa kufuata maungio ya matofali, hatua kwa hatua kama ngazi, hadi kwenye dirisha la mama. Alichomeka ukucha ukaingia. Wiki iliyofuata kiliingia kidole. Dirisha likakataa kufunga, na sakafu ya chumbani ikaanza kutoa unyevu.

Majirani walisema, kwani wao walijengewa midomo ya kazi gani? Walisema Pimamaji anawajengea matajiri nyumba za kusimama miaka, halafu mama mkwe kamlipulia kazi ovyo. Wengine walikuwa wale wale waliosukuma matoroli. Jogoo alipandisha mori, akataka kwenda mlango kwa mlango awaeleze, na kwa sauti yake asingehitaji hata kutoka kibarazani.

"Neno moja tu na mimi na wewe basi," Pimamaji akamwambia.

"Lakini wanakuchafulia jina, fundi!"

"Waache walichafue. Mimi sina cha kulifagilia."

Siku mvua ilipotulia, mama mkwe alimwita. Alimkuta ameketi kitandani, miguu imevimba imetulizwa juu ya kigoda. Ufa ulikuwa pale ukutani, na mama alikuwa ameuziba kwa vitambaa, amevikunja vizuri kama kila kitu chake.

"Kaa, baba."

Akakaa. Alihisi leo ndiyo leo, ataulizwa, na akiulizwa hatakuwa na pa kukimbilia.

"Nasikia wanayosema huko nje," mama akaanza. "Na mimi nakuona. Huli ukashiba, unazunguka nyumba yangu kila asubuhi kama mtu aliyefiwa. Sasa nisikilize. Mimi si mtu wa kukuwekea kinyongo. Nimelala humu kwa raha ambayo sikuwahi kuipata, na ufa huu haunizuii kusikiliza. Kila mtu hukosea kazi siku moja. Mwanangu, nimekusamehe."

Pimamaji alifungua mdomo. Maneno yote yalikuwepo, yamejipanga. Aliyarudia kwa miezi. Alimtazama mama, miguu ile, mikono ile iliyoinua nondo kwa mpini wa jembe.

"Ahsante, mama," akasema.

"Ila nilijiuliza kosa liko wapi. Msingi siwezi kuulaumu. Chini kule nilifagia mwenyewe, najua palikuwa safi. Itakuwa ni matofali."

"Itakuwa ni matofali, mama."

"Basi yameisha. Hebu nisaidie, angalia kama nimeweka sawa." Akaelekeza kidole kwenye pembe ya chumba, chini ya ufa. "Sakafu inatoa maji siku hizi, na sanduku langu ni la bati. Nikasema likikaa chini hivi hivi litaliwa na kutu. Nikakumbuka vile vijiwe vyako. Unaona sikuvitupa?"

Sanduku lilikuwa limeinuliwa. Kila pembe ilikaa juu ya biskuti, na katikati ameongeza nyingine mbili ili lisibonyee, kwa nafasi zile zile ambazo yeye mwenyewe angezipanga.

Pimamaji aliinuka. Safari hii hakuona haya. Alipiga magoti mbele ya mama mkwe wake, akainama mpaka shavu likakaribia sakafu yenye unyevu, akapitisha mkono chini ya sanduku, polepole, kutoka pembe moja hadi nyingine. Mkono ukapita.

"Pako sawa?" mama akauliza nyuma yake.

"Pako sawa, mama," akajibu, na hakuinua uso mpaka alipokuwa na hakika umekauka.